Herufi Zenye Viatu

Siku tuliyomzika fundi wa mabango, watu wanne walinijia kwa zamu na swali lile lile. Mbona kijitabu cha mazishi kimeandikwa kwa herufi za kawaida za kompyuta? Si wewe ndiye ulikuwa unatengeneza herufi zake? Wa kwanza nilimjibu vizuri. Wa pili nilimwambia aende akale. Wa tatu na wa nne sikuwajibu kabisa, kwa sababu ningefungua mdomo ningetukana, na pale kwenye hema palikuwa na mchungaji.

Mzee tuliyemzika alinichosha, na naandika haya nikiwa bado nimechoka naye. Mambo ya alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, waulizeni wenye ukoo. Waliyasema yote kwenye maiki mpaka chakula kikapoa. Mimi nitasema niliyoyaona, tena sitayapanga.

Mtu yeyote aliyepita Kitale mjini na macho yake amewahi kusoma herufi za huyu fundi, hata kama hajui. Zilikuwa ndefu, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na kila moja ilikuwa na vijiguu juu na chini. Vijiguu hivyo yeye aliviita viatu. R yake ilinyoosha mguu mbele, na kwenye ncha ya mguu palikuwa na jani dogo. S yake ilijikunja mara mbili halafu ikamalizia kwa kitone cha duara. Zote alizichora kwa mkono, kwa rangi ya mafuta na brashi ya nywele laini ambayo hakuna mtu aliruhusiwa kuishika. Na alizisema kama watu. Hakusema "hii A". Alisema "huyu A".

"Herufi bila viatu," aliniambia, "ni mtu ametoroka nyumba ikiungua."

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo cha ufundi pale Kitale, nikijifunza kompyuta, nilipoanza kumtembelea kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mwalimu alitutuma tukaone kazi ya zamani. Wenzangu waliona, wakapiga picha, wakaenda. Mimi nikabaki, na sijui ni nani aliniroga. Alinitazama akaniuliza kama hiyo kompyuta yetu inaweza kuandika kitu chochote. Nikasema ndiyo, chochote. "Basi hapo ndipo shida iko, mayi," akasema. Kwetu mwanamke yeyote huitwa mayi, mama, hata akiwa msichana, na mzee huitwa papa, baba. "Chombo ambacho hakijui kukataa, hicho si fundi."

Yeye kukataa alijua. Mwenye hoteli mmoja alikuja akitaka ukuta mzima uandikwe kwa zile herufi za viatu: chapati, matumbo, chai ya maziwa, maharagwe, kila kitu. Fundi alimwandikia jina la hoteli juu, likatoka zuri mpaka watu wakasimama. Kisha akachukua brashi pana akaandika orodha ya vyakula kwa herufi za kawaida tu, kama za ubao wa shule. Mwenye hoteli akapiga kelele. Fundi akaendelea kusafisha brashi yake. "Hizi ni nguo za harusi," akamwambia. "Wewe huwa unalima na suti?" Yule mtu akaondoka amenuna, lakini ukuta haukubadilika. Fundi aliamini kabisa kwamba herufi zile ni za kichwa cha habari, maneno mawili matatu, basi. Ukizijaza ukuta mzima zinakuwa kelele.

Kule Kiminini fundi aliwahi kuandika baa na kanisa wiki moja. Wazee wa kanisa wakaja kibandani wamekasirika, ati B ya Bwana na B ya Bar ni ile ile. Nilikuwepo. Fundi aliwasikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kofia mkononi. Halafu akauliza, "Sasa wazee, mlitaka yule wa baa nimchore akiyumba?" Mmoja wao alicheka, na hilo likaharibu kesi yao yote. Na huyu alikuwa mtu ambaye hajawahi kuonja hata busaa, pombe ya kienyeji. Alipenda kuandika baa kwa sababu moja tu. Alisema mlevi hukaa nje akiutazama ukuta jioni nzima, lakini muumini huingia ndani akafumba macho.

Utadhani basi mtu wa namna hiyo alikuwa nadhifu. Wapi! Shati lake lilikuwa na rangi kuliko ukuta. Mwandiko wake wa kalamu ulikuwa wa aibu. Akikuandikia ujumbe, ulihitaji kumpigia simu akusomee. Na kibanda chake mwenyewe hakikuwa na jina. Juu ya mlango palikuwa na bati alilolipaka rangi nyeupe, safi, tayari kwa kuandikwa, na mimi nilipita chini ya bati hilo kwa miaka tisa likiwa jeupe vile vile. Nilimuuliza. "Bado nawafikiria," akasema.

Bado! Neno hilo nikilisikia mpaka leo kichwa kinaniuma.

Alikuwa na ulimi pia. Herufi ya kwanza niliyomchorea, G, aliishika kwenye mwanga akasema, "Huyu ni mgonjwa ameshikiliwa na ndugu zake." Nililia njia nzima hadi bweni. Hakuomba msamaha. Wiki iliyofuata mama mmoja wa mboga aliniletea kifurushi cha gazeti; ndani palikuwa na brashi mpya ya nywele laini, bila neno lolote. Nilipomshukuru alijifanya hajui ninasema nini. Lakini huyo huyo aliyenitukania G yangu, tukipita karibu na soko alinishika mkono ghafla nisimame nitazame kibanda cha mchinjaji. Mwenye nyama alikuwa ameandika mwenyewe kwa makaa, NYAMA HAPA, herufi zimeinama zote upande mmoja. "Ona huyo mtu," fundi akanong'ona. "Anataka uingie. Kabisa anataka uingie." Alisimama pale akifurahi kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufurahia kitu changu chochote.

Basi nikamaliza chuo, nikarudi kwetu Bungoma, nikafungua duka la uchapishaji. Mabango ya plastiki, fulana, kadi za harusi, vijitabu vya mazishi. Kila nilipokwenda Kitale kununua vifaa nilikuta ukuta mwingine wa fundi umepakwa. Siku hizi kampuni inakuja, inapaka jengo lote rangi yake moja, juu mpaka chini, na mwenye jengo anashukuru kwa sababu amepakiwa bure. Duka la mbegu, likaenda. Ile hoteli, ikaenda. Kinyozi wa karibu na stendi, ambaye jina lake lilikuwa na K mbili zimepeana mikono, naye akaenda. Nikaona kwamba baada ya miaka michache hakutakuwa na herufi hata moja ya huyu mtu juu ya ardhi.

Nikamwendea na maneno yaliyonyooka. Fundi, nikamwambia, nichoree A mpaka Z kwenye karatasi. Kazi ya siku mbili. Nitaziingiza kwenye kompyuta, ziwe fonti kamili yenye jina lako, na mtu akiwa Webuye au Mombasa au Ulaya ataandika kwa herufi zako hata sisi wote tukiwa tumekufa. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya hotuba hiyo ndani ya gari.

"Bado," akasema.

Nikarudi mwaka uliofuata. Bado. Nikampelekea karatasi nzuri, nene. Alizipokea, akazifungia mikate. Nikamtuma binti yake amshawishi. Bado. Miaka sita, jamani! Nilijaribu kwa upole, nilijaribu kwa hasira, nilijaribu kunyamaza miezi minane nione kama atanitafuta. Alinipigia simu, kweli, akaniuliza bei ya mahindi Bungoma ni ngapi.

Nikaamua sitamngoja. Nikaanza kuziokota mwenyewe ukutani. Nilibeba ngazi, karatasi ya kunakilia na penseli, nikapanda, nikafuata ukingo wa kila herufi. R niliitoa kwenye ghala la mahindi Moi's Bridge. W niliipata Webuye, kwenye duka lililofungwa, lililoandikwa enzi ambazo kiwanda cha karatasi kilikuwa kimeujaza mji watu. S niliitoa Kitale kwenye duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi, ambaye alikuwa amewafukuza wapaka rangi wa kampuni mara tatu. Bango lake liliandikwa mumewe akiwa hai. Alinishikia ngazi kwa mikono yake mwenyewe, akiwa na ndala, akipiga kelele nisiegemee ukuta. "Mume wangu alikuwa anafungua duka, halafu anaenda ng'ambo ya barabara kuangalia hiyo S," akaniambia. "Kila siku! Wateja wanangoja, yeye anaangalia S." Nilicheka. Laiti ningesikiliza badala ya kucheka. X na Q sikuzipata popote. Nani kwetu ana duka linaloanza na X?

Miezi kumi na minne nilizisafisha kwenye kompyuta, nikazipanga. Nilipoandika neno la kwanza kwa fonti yangu nilitamani kuvunja kioo. Kila herufi peke yake ilikuwa nzuri. Zikikaa pamoja zilikuwa watu waliokutana kwenye foleni ya hospitali. R ilinyoosha mguu mpaka ikamkanyaga jirani. S ilikuwa na kifua kikubwa na kiuno hakuna. W ilionekana imelala. Nikasema, kumbe mzee huyu hakuwa makini! Kumbe miaka yote nimemsujudia mtu anayekisia tu! Nikazichapisha kubwa kwenye karatasi, nikaenda kumtupia usoni.

Wakati huo alikuwa amehamia Kanduyi kwa binti yake, ati kupumzika. Nilimkuta ameketi mlangoni. Nikamkabidhi. Alizisogeza karatasi karibu sana na uso, akainamisha kichwa upande mmoja, akazitazama kwa jicho la kulia.

"Huyu R umemtoa Moi's Bridge," akasema.

"Ndiyo."

"Ukimchukua ulisimama wapi?"

"Juu ya ngazi, papa. Ningesimama wapi?"

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha kicheko kikaisha na nikaona amekasirika kweli. "Juu ya ngazi! Bana, nani husoma bango akiwa juu ya ngazi?"

Ndipo akanieleza, kama mtu anayemweleza mtoto kwamba maji ni maji. Ghala la Moi's Bridge husomwa na dereva wa lori anayetoka upande wa Eldoret, anaona ukuta kwa pembeni, na kwa pembeni mguu mrefu unakuwa mguu wa kawaida. Duka la vitambaa lina veranda, mtu anasoma akiwa ng'ambo huku paa linakata herufi juu, kwa hiyo S aliongezwa kifua ili, paa likishamkata, abaki sawa juu na chini. W wa Webuye alikuwa wa watu wanaotoka kazini kwa miguu wakipanda mlima. Kila ukuta alianza kwa kuvuka barabara na kusimama pale ambapo msomaji atasimama. Mimi nilimwona akivuka. Mara mia nilimwona! Nilidhani anakwenda kunywa chai, kwa sababu alirudi na chai.

"Mbona hukuniambia?"

"Si hukuuliza."

Nilitaka kumpiga. Nasema ukweli. Miaka sita nasikia bado, bado, nadhani ni maringo, nadhani ni uchawi, kumbe jibu lilikuwa jepesi kiasi hicho. A anayesimama mahali pote alikuwa hajawahi kumchora, ndiyo maana hakuwa naye wa kunipa. Aliniuliza fonti yangu itasomwa kutoka wapi. Nikasema popote. "Popote si mahali," akasema.

Tukabishana juma zima kwa simu. Mwishowe tukakubaliana herufi zisomwe kutoka umbali wa upana wa barabara moja. Nichape kila herufi kubwa, urefu wa mkono, niitundike kwenye ukuta wa binti yake, yeye avuke, atazame, aseme kosa, nirekebishe. Kila Jumamosi asubuhi, jua likiwa mgongoni mwake. Ndipo binti yake akanivuta jikoni akaniambia jambo ambalo mzee alikuwa amelificha. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa linakwenda, anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Ni presha ya macho, na kliniki alikataa kwenda kwa miaka mitatu. "Ati wataniambia niache kazi," binti akamwigiza, na machozi yakamtoka kwa hasira. Nami nikakumbuka bango la mwisho alilochora, ambalo herufi za mwisho ziliteremka kidogo, nami nikamtania kwamba amezeeka.

Basi tukaanza, tukikimbizana na jicho moja. A ilichukua Jumamosi mbili. Nilisimama ukutani na kalamu, yeye ng'ambo ya barabara, bodaboda zikipita katikati, akipaza sauti. "Kiatu cha kushoto kinene! Mpunguze! Hapana, umemkata sana, mrudishie!" Wapita njia walidhani tunagombana. B ilikuwa rahisi. G, ile G yangu, alinifanya niirudie mara tano. Na kila herufi alipoikubali hakusifu. Alisema tu, "Haya, mpishe mwenzake," na mimi nilikwenda Bungoma nikiimba. Nilijua ndani ya kifua changu kwamba kila mmoja aliyetoka pale alikuwa hai. Yeyote angemwona.

Jumamosi nyingine sikuenda. Nitasema na hilo. Uchaguzi ulikaribia, wanasiasa walitaka mabango, nikakosa Jumamosi tatu mfululizo. Hakunilaumu. Nilimlaumu mimi kwa miaka sita yake, lakini zile tatu ni zangu.

M ilichukua mwezi mzima. Siku aliyoikubali alivuka barabara akiwa amemshika binti yake bega, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele yangu.

Jumamosi iliyofuata nilifika na N. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chini ya ukuta, mahali pangu, ameshaoga, amevaa shati safi lisilo na hata tone la rangi. Nikatundika karatasi juu ya kichwa chake. Nikamwambia, haya papa, twende ng'ambo, jua ni zuri.

"Jua nalisikia," akasema. "Silioni."

Nilichuchumaa mbele yake. Nikaanza kusema mambo mengi kwa haraka. Nitazikata herufi kwa mbao, azipapase kwa vidole. Nitamweleza kila ukingo. Akumbuke tu N zake za zamani, si alichora N nyingi? Tutakisia pamoja. Akanisikiliza kama alivyowasikiliza wale wazee wa kanisa.

"Vidole havijui umbali, mayi," akasema. "Nikikwambia yuko sawa nitakuwa nakudanganya, na jina umeweka langu."

"Sasa nifanye nini? Zimebaki kumi na tatu!"

Nilipiga kelele. Nilimpigia kelele mzee kipofu mlangoni pa binti yake, na sijutii, kwa sababu nilikuwa na haki. Yeye aliinua mkono akaelekeza ng'ambo, moja kwa moja pale alipozoea kusimama.

"Nenda wewe. Simama pale pangu."

Nikavuka. Nikasimama kwenye vumbi lile lile, karibu na nguzo ya stima. Nikageuka. Karatasi ilikuwa imenyooka vizuri, N nyeusi, ndefu, na viatu vyake, na chini yake mzee ameinua uso akingoja.

"Umemwona?" akaita.

"Nimemwona!"

"Ana kosa gani?"

Nilitazama. Nilitazama viatu, kimoja kimoja. Nilitazama ule mstari wa mshazari, mwanzo na mwisho. Nilifumba macho nikayafumbua. Bodaboda mbili zilipita, lori la miwa likapita, vumbi likatulia, nikatazama tena. Nilijua kosa liko. N hiyo niliitoa ukutani juu ya ngazi, kama zile zingine, na zile zingine zote zilikuwa na makosa ambayo yeye aliyaona kabla hata hajafika ng'ambo. Nilitaka kusema chochote, kwamba kiatu ni kinene, kwamba mguu ni mfupi. Angejua.

"Hana, papa," nikaita. "Namwona yuko sawa."

Aliuteremsha uso polepole, akaanza kufuta magoti yake kwa viganja, kama mtu aliyemwagikiwa na unga.

Tulimzika kabla mahindi hayajavunwa. Binti yake hajaiondoa N ukutani. Ameifunika kwa nailoni mvua isiiharibu. Kila Jumamosi asubuhi natoka Bungoma mjini, nafika Kanduyi, navuka barabara, nasimama karibu na ile nguzo mpaka jua liniume shingo. Bado namwona yuko sawa.